Gemu za mashujaa: fungua kasha kwanza, ndipo ulipe

Mtoto wa dada yangu alipomaliza mtihani wa Senior Four, nilikuwa nimemwahidi gemu mbili. Nikaingia kwenye jengo moja la maduka katikati ya Kampala, nikaliona kasha la PS5, yaani mashine ya gemu ya Sony, PlayStation ya tano: Marvel's Spider-Man: Miles Morales, toleo la Ultimate. Juu yake imetajwa pia Spider-Man ile ya kwanza, iliyotengenezwa upya. Gemu mbili, kasha moja. Nikahesabu shilingi 220,000, nikapanda boda hadi Ntinda nikiwa nimelikumbatia.

Ndani mlikuwa na CD moja. Ile gemu ya pili haimo kwenye CD hata kidogo. Ni kikaratasi chenye namba ya kuipakulia kwenye intaneti, na namba hiyo hutumika mara moja tu. Aliyekuwa na kasha kabla yetu alishaitumia. Kijana akanitazama, akasema, "Si kitu, mama mdogo, moja inatosha." Maneno hayo yaliniuma kuliko zile pesa.

Kesho yake nilirudi dukani. Muuzaji akaniambia, "Nyabo, CD si inacheza? Sasa kosa langu liko wapi?"

Ndiyo maana sitawaeleza ni gemu ipi ina picha kali au mapigano matamu zaidi. Wengi wanayasema hayo. Mimi naangalia jambo moja: ukiitia CD kwenye mashine leo, nyumba haina intaneti, unapata nini?

Hapa kwetu swali hilo ni la pesa. Mwaka 2018 tulitozwa shilingi 200 kwa siku ili kuingia kwenye mitandao ya kijamii. Julai 2021 tozo hiyo ikaondolewa, ukaletwa ushuru wa asilimia 12 kwenye data, na VAT ya asilimia 18 ikabaki palepale. Gemu ya GB 50 si kitu cha kupakua kwa bando la wiki. Na hata mwenye Wi-Fi ya ofisini hajapona, kwa sababu Sony haijaiweka Uganda kwenye orodha ya nchi za kufungulia akaunti ya PlayStation. Vijana wetu hufungua akaunti za Uingereza, Marekani au Afrika Kusini. Kasha likiwa la soko la Ulaya na akaunti ikiwa ya Marekani, namba inakataa, hata kama kikaratasi ni kipya kabisa. Muuzaji anayejua haya asipokuambia, amekuibia.

Zamani gemu za mashujaa ziliharibikia kwingine. Superman alikuwa kwenye mashine ya Atari tangu 1979, lakini nyingi zilizofuata zilitengenezwa mbiombio ili zitoke sambamba na filamu: Catwoman ya 2004, Iron Man ya 2008. Superman ya Nintendo 64, ya 1999, ilimpitisha shujaa kwenye mapete yaliyoning'inia hewani, mji wenyewe umemezwa na ukungu, na hadi leo hutajwa miongoni mwa gemu mbovu kuliko zote. Ila hata ubovu huo ulikuwa wote ndani ya kaseti uliyoilipia. Mwaka 2009 kampuni ya Rocksteady ya London ikatoa Batman: Arkham Asylum bila kukimbizana na filamu yoyote, na kila mtu akaona gemu ya shujaa ikipewa muda inavyoweza kuwa. Miaka miwili tu baadaye ikaja Arkham City, nzuri zaidi, na sehemu za Catwoman zikawekwa nyuma ya namba ya kwenye kikaratasi. Ukinunua iliyotumika, ulipe tena ndipo umwone Catwoman. Ugonjwa ulionipata mimi ulikuwapo tayari.

Sasa nazipanga.

Ya kwanza, na sina aibu kusema nawapenda Insomniac kuliko watengenezaji wote wa gemu hizi, ni Marvel's Spider-Man ya 2018, CD ya PS4. Hadithi nzima imo kwenye CD. Inacheza kwenye PS4 na kwenye PS5 yenye mlango wa CD. Sura tatu za nyongeza zilizotoka mwishoni mwa mwaka huo ni za kupakua, lakini hadithi kuu haizihitaji. Unamrusha Spider-Man kwa utando kutoka ghorofa hadi ghorofa katika Manhattan yote, na mwili wako unajifunza namna ya kuyumba kabla akili haijaelewa. Kitu hicho tulikionja kwenye Spider-Man 2 ya 2004, ile ya Treyarch, na Insomniac wakakifikisha mbali. Iliyotumika nimeikuta kati ya 90,000 na 130,000. Ukitajiwa 180,000, ondoka.

Ya pili ni Guardians of the Galaxy ya 2021, ya Eidos-Montréal. Wengi hawaiulizi, kwa hiyo wauzaji huishusha bei. Ni ya mchezaji mmoja, haina duka ndani yake, haina sura za kununua baadaye. Unachokishika ndicho kilichopo.

Ya tatu ni Batman: Arkham Knight ya 2015, kwa PS4. Sura nyingi za nyongeza ziliuzwa kando, jambo linaloishusha kwangu, ila hadithi yenyewe ni ndefu. Wenye kompyuta wawe macho: toleo la kompyuta lilitoka likiwa bovu kiasi kwamba siku chache tu baadaye likaondolewa sokoni kwa miezi kadhaa.

Ya nne ni Miles Morales, kasha la kawaida. Ni fupi, ni nzuri, na haikuahidi gemu mbili. Spider-Man 2 ya 2023 naiweka chini yake ingawa ni ya haohao Insomniac: CD yake haichezi kwenye PS4, inakula zaidi ya GB 80 za nafasi, na bei yake mjini bado haijatulia.

Sasa zile ambazo utasukumiwa. Marvel's Avengers ya 2020 iko kwenye kila rafu kwa bei ya chini, na vijana huiomba kwa sababu ya Black Panther. Nawaelewa. Filamu yake ya 2018 tuliiona kama yetu, tena Daniel Kaluuya, ambaye wazazi wake ni Waganda, alikuwamo. Lakini sura ya Wakanda, nchi ya Black Panther, ilitoka Agosti 2021 kwa njia ya intaneti. CD ya 2020 haina Black Panther. Wala Spider-Man, aliyeongezwa Novemba 2021 kwa wenye PlayStation peke yao. Septemba 2023 gemu ikaondolewa kwenye maduka ya intaneti na utunzaji wake ukakoma. Gemu nyingine iliyokuwa ikitengenezwa, ya Black Panther mwenyewe, kampuni ya EA waliifuta Mei 2025, habari iliyonihuzunisha sana. Kwa hiyo ukiambiwa "hii ina Black Panther", mwambie muuzaji aiwashe hapo hapo, bila Wi-Fi, umwone.

Suicide Squad: Kill the Justice League ya 2024 ni ya Rocksteady walewale wa Batman. Ilitoka ikidai intaneti kila dakika, hata ukicheza peke yako. Ruhusa ya kucheza bila intaneti ilikuja mwishoni mwa mwaka huo, na yenyewe ni ya kupakua. Warner Bros., wenye Rocksteady, walitangaza hasara ya dola milioni 200. Hasara yao wasituuzie sisi.

Za bei ndogo: Lego Marvel Super Heroes ya 2013 kwa watoto, Injustice 2 kwa wanaopenda kupigana wawili sebuleni. Arkham City ya PS3, chukua toleo la Game of the Year.

Muuzaji wangu hakunirudishia hata senti. Baada ya nusu saa ya kubishana alikubali nimwachie kasha la Ultimate, niongeze 40,000, nichukue Miles Morales ya kawaida na Spider-Man ya 2018. Safari hii nililifungua kila kasha juu ya meza yake, nikazigeuza CD upande wa nyuma kutazama mikwaruzo, nikamwomba aziwashe. Wateja wawili nyuma yangu nao wakaanza kufungua makasha yao, na mmoja akakuta lake halina kikaratasi.