Hita ya Tangi la Sikilidi: Bonyeza Mpira Kabla ya Kuuliza Wati

Baridi ya Julai ikishika Nairobi, malalamiko ninayoletewa ni yale yale: hita imepasuka, samaki wamelala chini, muuzaji hapokei simu. Karibu wote wanaolalamika wanafuga samaki wa mapambo wa ukoo wa sikilidi, tena wakorofi, yaani Oscar, Jack Dempsey au mbuna wa Ziwa Nyasa. Ni ukoo mmoja na ngege tunaokula na ugali, ila hawa ndio wanaotula sisi mfukoni.

Kwa wati sitakaa sana. Kadiria wati moja kwa kila lita. Tangi la lita 200 litie hita mbili za wati 100. Moja ikikwama bila kuzima, haitachemsha samaki kabla hujarudi kutoka kazini. Nyuzi 26 zinawatosha.

Kitu ambacho hakuna anayekiangalia dukani ni vile vikombe vya mpira vinavyoishikilia hita kwenye kioo. Mpira mbovu ukikaa kwenye maji ya vuguvugu hukakamaa. Oscar naye hukua hadi sentimita 30 na zaidi, na hapendi kitu asichokipanga mwenyewe. Atakisukuma kutwa kucha. Kikombe kimoja kinabanduka, hita inaning'inia upande, inagonga jiwe, kioo chake kinaingia ufa. Sasa maji yamekutana na stima, na wewe unatia mkono kuokota chakula kilichobaki. Kwa hiyo bandika hita kwenye kioo cha kaunta, uivute kwa kidole. Ikitoka kirahisi, mrudishie mwenyewe. Kisha kunja ukingo wa mpira: mzuri hurudi umbo lake mara moja, mbovu huacha mstari mweupe. Uliza pia kama vikombe vya akiba vinauzwa. Muuzaji akicheka, toka.

Namba moja kwangu ni Fluval E, na upendeleo wangu siufichi. Imevalishwa kizimba cha plastiki, kwa hiyo hata mpira ukiachia, kioo hakipigi jiwe moja kwa moja, na samaki hajichomi ubavu akiiegemea. Ina skrini ndogo inayoonyesha joto la maji na kubadilika rangi maji yakipoa au yakizidi moto. Ghali? Sana. Lakini Oscar mkubwa hapatikani kwa bei ya kuku.

Ya pili ni Eheim Jäger. Kioo chake ni kigumu, na hujizima ukisahau ukapunguza maji hadi ikabaki nje. Tatizo ni kwamba imekaa uchi mbele ya mgomvi. Kama tangi lako lina sampu, yaani tangi dogo la pembeni la kuchujia maji, iweke huko.

Hita ya titani ingeongoza, maana samaki hawezi kuipasua. Nimeishusha hadi ya tatu kwa sababu ni chuma ndani ya maji: inataka soketi yenye waya wa ethi (wa kupeleka stima ardhini ikivuja) unaofanya kazi, na soketi za nyumba nyingi za kupanga zina tundu la ethi lisilounganishwa na chochote. Mwite fundi apime kwanza.

Zile za bei ya chini zisizo na jina, nunua za kutumia kwenye ndoo ya kubadilishia maji tu. Basi.

Sasa wauzaji. Bango zuri, picha nzuri, ukiuliza bei unaambiwa “njoo inboksi”. Kuna anayekuuzia hita ya volti 110 iliyotoka Marekani ilhali stima yetu ni 240. Soma maandishi kwenye hita yenyewe, si kwenye boksi. Ukirudisha iliyopasuka unaambiwa, “Ni samaki wako kaivunja, dada,” na ni yeye aliyekuuzia Oscar huyo akiwa na urefu wa kidole, bila kukwambia atafikia wapi. Halafu kuna wale wanaokuuliza unaishi mtaa gani kabla ya kutaja bei. Hao waambie Umoja, mtaa wa watu wa kawaida, hata kama umetoka Kileleshwa kwa wenye pesa.