SSD ya kwanza: Crucial, Samsung, WD au Kingston?

Laptopu nyingi ninazoletewa ni mtumba: HP EliteBook, ThinkPad, Latitude. Malalamiko ni yale yale. Ukiiwasha, unachemsha chai, unakunywa, unaosha na kikombe, ndipo Windows ifunguke. Prosesa haina tatizo, RAM ya GB 8 inatosha. Kinachoizuia ni diski ya kuzunguka, yenye sahani na mkono ndani. Ile ya laptopu husoma takribani megabaiti 100 kwa sekunde ikiwa na bahati, na ikitumwa kutafuta vifaili vidogo vilivyotawanyika huku na huko, huchoka kabisa.

Dawa ni SSD, diski ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Basi mtu anauliza: ninunue SSD ya kampuni gani? Swali hilo huwa nalichelewesha kidogo. SSD za SATA, ile njia ya kuunganisha diski na kompyuta tuliyoizoea, zote hugota kwenye megabaiti 550 hivi kwa sekunde, kwa sababu njia yenyewe ya SATA ndiyo inaishia hapo. Aliyelipa mara mbili na aliyelipa nusu wote watafungua Word kwa kasi ile ile.

Fungua mfuniko kwanza. EliteBook 840 G1 au ThinkPad T430 huchukua SSD ya inchi 2.5, yenye umbo la diski ile ile ya zamani. EliteBook 840 G5 huchukua M.2, kijibao chembamba chenye upana wa milimita 22 na urefu wa 80. M.2 nazo ni mbili, za SATA na za NVMe ambayo ni njia ya kasi zaidi, na kwa macho zinafanana kama mapacha. Soma kilichoandikwa kwenye mashine yako au mwonyeshe fundi, maana ukikosea hapo SSD haitasomeka, hata iwe ya kampuni gani.

Sasa orodha yangu, kwa zile za inchi 2.5 na ukubwa wa GB 500 hivi.

Ya kwanza ni Crucial MX500. Dhamana ni miaka 5, na ina kitu ambacho huku kwetu kina maana kubwa: umeme ukikatika ghafla, data iliyokwisha kuhifadhiwa inalindwa isiharibike. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS, hilo peke yake linanitosha. Ubaya ni kwamba Micron, wenye Crucial, walitangaza Desemba 2025 kuwa wanaachana na biashara ya rejareja ya jina hilo, ingawa dhamana wamesema wataziheshimu. Ukiikuta mpya kwa bei ya kawaida, ichukue.

Ya pili, Samsung 870 EVO. Kwa ubora ningeweza kuiweka juu: chipu wanatengeneza wenyewe, dhamana miaka 5, na ya GB 500 imekadiriwa kuandikwa terabaiti 300, yaani GB 300,000, kabla ya kuchoka. Ukiandika GB 40 kila siku bila kupumzika, utafika huko baada ya miaka 20. Imeshuka kwenye orodha yangu kwa sababu ya bei, na kwa sababu jina kubwa ndilo linaloigwa zaidi.

Ya tatu, WD Blue SA510. Nayo ina miaka 5, ila haina DRAM. DRAM ni daftari la SSD: karani mwenye daftari mezani anajua mara moja kila faili iko wapi, asiye nalo anainuka kwenda kabatini kila anapoulizwa. Kwa kazi za ofisini hutaona tofauti. Mhariri wa video za harusi anayehamisha GB 80 kwa mkupuo ataiona. Usishtuke ukikuta jina la Sandisk mahali pa WD. Kampuni hizo zilitengana Februari 2025, na SSD zikaenda na Sandisk.

Ya nne nazifunga pamoja: Kingston A400 na Crucial BX500. Hazina DRAM, dhamana ni miaka 3, na A400 hubadilishwa vipuri vya ndani bila jina kubadilika. Lakini mwanafunzi mwenye hela ya kuhesabu, usimcheke. Ukitoka kwenye diski ya kuzunguka, A400 ya GB 480 ni mkombozi.

GB 120 usinunue hata kwa bei ya kutupa. Windows na programu chache zitaijaza. Na GB 500 ikisomeka 465, usigombane na muuzaji. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Kama mashine yako ina NVMe, mambo ni rahisi zaidi. Laptopu ya PCIe 3.0, barabara ambayo NVMe hupitia, haivuki megabaiti 3,500 hivi kwa sekunde, kwa hiyo Samsung 990 Pro inayofika 7,450 itakaa humo kama basi la mkoani kwenye foleni.

Nije kwenye feki, ndiko nilikoumia. Niliwahi kununua "SSD ya nje ya TB 2" kwa bei iliyopaswa kunishtua. Windows iliisoma TB 2 safi kabisa. Nikajaza picha za familia, na wiki iliyofuata nusu ya mafaili hayakufunguka. Nikaipasua kwa kisu: ndani kulikuwa na kadi ya microSD, ile ya simu, imegandishwa kwa gundi ya moto. Muuzaji akasema hanikumbuki.

Tangu hapo naenda dukani na laptopu. Programu ya CrystalDiskInfo inaonyesha SSD imeshafanya kazi kwa jumla ya saa ngapi. "Mpya" yenye saa 9,000 ni mtumba uliofungwa upya kwenye boksi. Nikifika nyumbani naiachia H2testw, programu ya kupima ukubwa wa kweli, iijaze na kuisoma yote, hata ikichukua usiku mzima, kabla sijaweka chochote cha maana.

Diski ya zamani inunulie kasha la USB, iwe ya bekapu. SSD ikifa mara nyingi haitoi mlio wowote wa kukutahadharisha. Na zile skrubu nne za kwenye kishikio kilichoshika diski ya zamani zitunze, maana boksi la SSD kwa kawaida haliji nazo.