Toki renchi ya baiskeli niliyonunua Malindi, na bunduki iliyokuwa ikitapanya risasi

Niliinunua mwezi wa Juni kwenye duka la vifaa vya baiskeli hapa Malindi, shilingi 5,800. Kijana wa dukani akaniuliza, "Ami, una baiskeli ya kaboni?" Nikamwambia baiskeli sina, nataka chombo kitakachonijuza skurubu imekazwa kiasi gani. Akanionyesha: unazungusha mpini mpaka namba unayotaka, unakaza polepole, ikifika inalia "ka!" nawe unaachia hapo hapo. Namba zake zinaanza 2 hadi 24, kwa kipimo cha nyutonimita.

Bunduki yenyewe haiko Malindi wala Kenya. Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Mimi kazi ya kubeba na kutunza bunduki naifanya Tanzania, kwenye kitalu cha uwindaji huko Rungwa, tangu Julai mosi msimu unapofunguliwa hadi mwisho wa Desemba. Baada ya hapo narudi kwangu Kisumu Ndogo, na ndiko ninakoandikia haya, kaskazi ikivuma.

Msimu wa kabla ya huu bunduki ya bosi ilitutesa. Ni ya risasi za aina ya .375 H&H, ya bolti (komeo linalovutwa kwa mkono kila risasi), kitako cha mti, darubini juu. Leo risasi tatu kwa mita 100 zinaingia ndani ya kiganja. Kesho, mpigaji yuleyule, begi lilelile la mchanga, moja iko juu, moja kushoto, ya tatu imekwenda kando shibiri nzima. Ingekuwa inakosea upande mmoja siku zote, tungezungusha vifundo vya darubini tukamaliza. Hii haikuwa na upande. Na siku moja nyati akapigwa tumboni badala ya mapafuni. Tulimfuata tangu asubuhi hadi alasiri ndipo tukammaliza. Mnyama kuteseka saa zote hizo kwa sababu ya chombo ninachokitunza mimi, jambo hilo lilinikaa moyoni na bado limo.

Tulihangaika sana. Tulisugua mtutu mpaka kitambaa kikaacha kutoka na rangi ya kijani ya shaba. Tukagundua pakiti mbili za risasi zimechanganywa, za greni 270 na za greni 300 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi), ambazo haziwezi kuangukia mahali pamoja. Tulipozitenga hali ikapata nafuu, haikupona. Fundi mmoja wa bunduki akatubadilishia darubini, tukalipa, tatizo likabaki.

Mwisho nikachukua noti, nikaipitisha kati ya mtutu na mti kuanzia mbele. Ilitakiwa iteleze hadi karibu na chemba, pale risasi inapokaa. Ikanasa upande wa kushoto, na asubuhi baada ya mvua ikanasa zaidi, maana mti hunywa maji ukavimba. Hapo nikageuza bunduki kutazama skurubu mbili za chini zinazoshika chuma na mti. Ya mbele ilizunguka karibu nusu mzunguko bila taabu. Ya nyuma ilikuwa kama imepigwa msumari. Ya mbele nilikuwa naikaza mimi, ya nyuma mwenzangu, kila mtu kwa mkono wake, na kila tulipoifungua kuisafisha ilirudi ikiwa bunduki nyingine.

Julai nikaenda na toki renchi. Bunduki tupu, nimeihakikisha mara mbili, nimeisimamisha kwa kitako ili chuma kikae chini vizuri ndani ya mti. Nililegeza zote kwanza. Hili ni muhimu kwa yeyote atakayeinunua: skurubu iliyoshikwa na kutu itakufanya usikie "ka!" kabla haijasogea, ukadhani imekaza sawa. Kisha ya mbele, halafu ya nyuma, zote nyutonimita 5. Vijitabu vingi hutaja inchi-pauni 65, ambazo ni kama nyutonimita 7.3, lakini mti mtupu usio na nguzo za chuma ndani unaweza kupondeka. Skurubu za darubini sikuzigusa siku hiyo. Ukibadilisha mambo mawili kwa pamoja hutajua lipi lililoponya.

Noti ikateleza. Risasi tatu, tukaacha mtutu upoe, tatu nyingine, kesho yake tatu tena. Zote tisa zilifunikwa na kiganja changu. Baada ya risasi kama ishirini ya mbele ikawa imelegea kidogo, kwa kuwa mti ulikuwa bado unakaa. Nikairudisha kwenye 5, na mpaka Desemba haikusogea tena. Bosi hakusema mengi, ila alimkataza kila mtu kuzigusa skurubu zile kwa bisibisi ya kawaida.

Kasoro zipo. Biti zilizomo, yaani ncha za kuchomeka, ni za baiskeli, hakuna hata moja ya skurubu za mfereji mmoja kichwani, nikalazimika kuzitafuta kwingine. Na biti isiyojaa mfereji itauharibu. La pili ni kubwa zaidi: skurubu za pete zinazoshika darubini zinataka karibu nyutonimita 2, na hapo ndipo mwanzo kabisa wa kipimo chake, mahali ambapo renchi za aina hii hazitegemeki sana. Mlio wenyewe ni mdogo mno, nilikuwa nausikia kwa vidole kuliko masikio. Kwa darubini peke yake nunua ndogo zaidi. Na kwa sisi wa pwani, sanduku lake la plastiki haliizuii chumvi. Wiki ya pili tu nyumbani kichwa kilikuwa na madoa ya kutu.

Naipa nyota nne kati ya tano. Sasa hivi iko kabatini, nimeifunga kwa kitambaa chenye mafuta, na nimeirudisha kwenye 2 ili springi yake isichoke hadi Julai.