Kliniki ya mifupa iliyoniuliza mtoto anakunywa dawa gani (nyota 4)

Nawapa nyota nne na hiyo moja ntasema imepotelea wapi. Mwanangu ana miaka 11, mpira ndo maisha yake, anacheza shule akirudi anacheza mtaani kwenye kiwanja kigumu ka lami. Akaanza kulalamika ugoko wa kulia unauma akikimbia, akikaa unatulia, kesho tena. Hospitali tuliyoanza nayo wakapiga eksirei wakasema mfupa mzima mama, haya maumivu ya kukua, tukapewa jeli ya kuchua na panadol. Wiki tatu namchua mtoto usiku anang'ata shuka, mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma.

Hapa daktari alimkalisha kitandani akamwambia haya kijana, nionyeshe kwa kidole kimoja panapouma. Mtoto akaweka kidole, daktari akabonyeza palepale, mtoto akaruka. Akasema maumivu ya kukua mara nyingi yanashika miguu yote miwili tena usiku, hayakai sehemu moja hivi. Alafu akauliza kitu ambacho kule hakuna aliyeuliza, mama huyu ana dawa yoyote ya kila siku? Nikasema ipo ya kifafa, mwaka wa nne huu, jina sikulikumbuka ikabidi nimpigie baba yake asome kwenye kopo herufi kwa herufi, fenobabitoni. Yani sikuwahi kuwaza dawa ya kifafa inahusiana vipi na mguu.

Akanielewesha taratibu kwamba dawa hiyo inafanya ini livunje vitamini D haraka, na vitamini D ikipungua utumbo haunyonyi kalsiamu vizuri, mfupa unakuwa dhaifu, sasa ukiupiga kila siku kwa mbio na mpira unapata ufa mdogo, na ufa wa hivyo wiki za mwanzo mara nyingi eksirei haiuoni mpaka mfupa uanze kujiunga. Hakusema dawa ndo imevunja, alisema inawezekana imechangia. Akaongeza kwamba watoto wanaokunywa predinisoloni muda mrefu, wale wa pumu kali au ugonjwa wa figo, nao mifupa yao ifuatiliwe maana dawa hiyo pia inaweza kuidhoofisha. Eksirei ya pili kweli ikaonyesha, kamstari kembamba na mfupa mpya umejaa pembeni, na vitamini D ikarudi iko chini.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Kusikia vile nikataka kuiacha dawa siku hiyohiyo, akanikataza kabisa, akasema ukiikata ghafla mtoto anaweza kupata degedege mfululizo na hilo linaua. Akaandika barua kwa daktari wake wa kifafa na akampigia simu mbele yangu, wao wenyewe wakapanga kumbadilishia dawa kidogo kidogo.

Nyota iliyopotea ni ya mapokezi. Miadi saa nane tukaingia saa kumi na moja, mtoto mguu unauma na benchi halina hata pa kuegemea, na majibu ya vitamini D yalipelekwa maabara ya nje siku sita nikipiga simu naambiwa subiri tu. Hilo warekebishe.

Saivi ni wiki ya nane, ugoko ukibonyezwa hauumi, anakunywa vitamini D kwa dozi aliyopangiwa, na juzi wamemruhusu kukimbia polepole kwenye majani dakika tano. Mpira bado, anaulalia tu kitandani.