Miwani ya kuokotea mapembe, nimeivaa miezi mitatu Arabuko-Sokoke

Hii miwani sikununua, niliachiwa na mgeni wa Michigan niliyemtembeza msituni huku Malindi, akasema kwao huivaa akienda kuokota mapembe ya kulungu. Nikacheka, mapembe yanaokotwa kama maembe? Kumbe kulungu wao si kama huyu wetu, dume anaangusha pembe kila mwaka majira ya baridi halafu anaota nyingine, sasa watu kuanzia Januari hadi Aprili wako msituni wanazisaka kwenye majani. Kulungu wa huku pembe zake ni za maisha, na ukikuta fuvu liache hapo hapo, sheria ya wanyamapori ya 2013 haina mchezo na mtu anayeshikwa na nyara.

Haya, miwani yenyewe. Lenzi ni rangi ya asali na zinakata mng'ao, yaani jua likipiga jani lililolowa ule weupe unaokuchoma macho unapotea unabaki na jani lenyewe, na ndio kazi yake kwa mapembe kwa sababu pembe ikilala kwenye majani makavu inafanana na kijiti tu. Ila yule mgeni wa Michigan alinipa ujanja mwingine ambao mimi umenifaa hata kuliko miwani: usitafute pembe nzima, tafuta ncha moja iliyopinda, nenda polepole, kila baada ya hatua kadhaa geuka uangalie ulikotoka, na siku nzuri ni ya mawingu mvua ikishakatika. Tena upite kwenye nyua za waya, kulungu akiruka akitua kwa kishindo ile pembe iliyolegea inadondoka.

Mimi mapembe sina, nikaijaribu kwa sengi, kale kanyama kadogo ka pua ndefu, yule wa makalio ya dhahabu. Kiota chake ni majani tu yamelala sawa na ardhi, unaweza kukikanyaga. Upande wa miti ya mirihi wenye mchanga mweupe, saa tano jua limewaka, niliona viota viwili asubuhi moja, mie ambaye kimoja kwa wiki nilikuwa nashukuru! Lakini ukiingia kule kwenye udongo mwekundu vichaka vimebanana unamtafuta bundi mdogo wa Sokoke aliyelala kwenye tawi, ivue. Kunakuwa giza mno, siku moja mgeni mwingine ndiye aliyenionyesha bundi badala ya mimi kumuonyesha yeye, wallahi niliona haya, na tipu sikuidai.

Mkono wa kushoto wa miwani skrubu ililegea mwezi wa pili, fundi saa akanikazia kwa shilingi hamsini. Mwenzangu naye akaitamani akanunua ya kufanana nayo duka moja hapa mjini kwa 1,500, ikawa ni plastiki ya njano basi, mng'ao uko pale pale na kurudishiwa pesa wakakataa. Kabla hujalipa vaa miwani, washa simu, izungushe simu taratibu, ile yangu skrini inageuka nyeusi ikifika upande fulani, ya mwenzangu haikubadilika kitu.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu haina kamba, na kwenye boda kutoka Gede hadi kwangu nimeshairukia barabarani mara mbili.