Printa ya Wi-Fi nyumbani Tukuyu: inafaa, ila ina masharti yake

Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha VICOBA hapa Tukuyu, kwa hiyo karatasi haziniishi: mihtasari ya vikao, fomu za mikopo, barua za kwa mtendaji. Nilichoka foleni za steshenari, nikanunua printa ya matangi ya wino, ile inayoprinti, kuskani na kutoa kopi. Haina skrini, ni vitufe na taa tu.

Kuiunganisha ndiko kulikonitoa jasho. Printa kwanza hurusha Wi-Fi yake yenyewe, simu inaingia humo ili kuipa jina na nywila ya ruta yako. Sasa simu ikiona Wi-Fi hiyo haina intaneti, inajitoa kimyakimya na kurudi kwenye bando, programu inabaki inazunguka tu. Zima data kwanza. Jingine, printa hii, kama nyingi za nyumbani, inashika masafa ya Wi-Fi ya 2.4 GHz peke yake. Ruta yako ikirusha na 5 GHz, ipe kila moja jina lake. Wenye kutumia hotspoti ya simu, ingieni kwenye mipangilio muiweke 2.4.

Umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kuipa printa anwani nyingine ya IP (namba inayoitambulisha kwenye mtandao), na kompyuta inadai printa haipo wakati ipo pale pale, taa zinawaka. Nimeifungia anwani moja ya kudumu kwenye ruta, kero hiyo imeisha. Na kuizima, tumia kitufe chake, si swichi ya ukutani. Kitufe ndicho kinachorudisha kichwa cha wino kwenye kifuniko chake. Kikiachwa wazi, wino unakaukia kwenye vitundu na maandishi yanatoka na michirizi myeupe. Watoto wa hapa nyumbani wameshaambiwa.

Halafu mvua. Ya Rungwe mnaijua. Mwezi wa nne karatasi iliyolala kwenye trei inalegea kama kitenge kilichoanuliwa kabla hakijakauka, inajikunja, printa inameza mbili kwa mpigo na kukwama. Rimu naifunga kwenye mfuko wa nailoni, natoa zile za kazi ya siku hiyo tu. Hilo kwenye kijitabu cha maelekezo hulikuti.

Nilichokipenda kuliko vyote ni skana, wala sikuinunulia hiyo. Muhtasari ukishasainiwa na kugongwa mhuri, naulaza kwenye kioo cha skana, 300 dpi (nukta kwa inchi, zikizidi picha inakuwa kali zaidi), PDF, unaingia WhatsApp ya kikundi kabla mwenyekiti hajafika kwake. Ukipiga picha kwa simu, kivuli cha mkono hakikosekani. Maandishi matupu yaskani kwa kijivu ili faili liwe jepesi. Rangi iache kwa kurasa zenye mhuri. 600 dpi naitumia kwa picha za zamani za wazee tu.

Jirani akija na kitambulisho, "Mwanangu, nitolee kopi", namtolea, ila ratiba za misiba zenye picha ya rangi huwa naomba wachangie wino. Chupa za rangi naagiza Mbeya mjini. Na wewe unayeprinti barua moja kwa miezi mitatu, endelea na steshenari. Wino utakukaukia bure.