Nilimlipa mtaalamu anishughulikie cheti cha mazingira, akaniuliza "Utasoma wewe?"

Kama una karakana ya useremala na umeambiwa ukatafute cheti cha mazingira, soma hapa kabla hujamkabidhi mtu hela yako. Bado nina hasira, kwa hiyo nitaandika kama yanavyonijia.

Nilihama Keko, hapa Dar es Salaam, nilikokuwa nimepanga kibanda, nikapata kiwanja Mbagala ili mashine zangu zikae pamoja: randa, msumeno wa duara, msasa, na chumba cha kupulizia vanishi. Leseni ninayo, usajili wa TFS, wale wakala wa misitu, nalipia kila mwaka, zimamoto walishakuja. Kilichobaki ni mazingira. Nikaelekezwa kwenye kampuni moja ya ushauri, jina silitaji. Milioni mbili na laki nane, nusu mkononi. Nilitoa bila kubishana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ipo tangu 2004, na mimi sitaki kufunga geti kila gari la serikali likipita.

Mtaalamu alikuja asubuhi, tena kwa wakati, hilo namsifu. Akapiga picha, akahesabu hatua toka ukutani hadi barabarani, akaandika. Robo saa tu. Umeme ulikuwa umekatika, mashine zote kimya. Nikamwambia, "Injinia, subiri umeme urudi, uone vumbi linaelekea wapi." Akasema ameona karakana nyingi, zote ni zile zile.

Vumbi ndiyo kesi yenyewe! Mninga ukiupiga msasa wa mashine unatoa unga mwembamba kama poda, na mashine ikizimwa ule unga bado unaelea. Kijana wangu akishinda anapasua mbao za mkongo, jioni ni chafya juu ya chafya na macho mekundu. Watu wa IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, walishaliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu tangu 1995, hasa saratani ya pua na mianzi yake. Mimi nimelivuta miaka zaidi ya ishirini bila kuambiwa na mtu. Nilitegemea huyu niliyemlipa ndiye atakayenionyesha feni ya kunyonya ikae wapi.

Halafu nyuma ya ukuta wangu kuna mama anachoma vitumbua. Kusi ikivuma, unga unaruka ukuta na kutua kwenye bakuli lake la mchele uliosagwa. Nilikuwa nimeshamwona mara mbili akichota juu juu kwa kijiko na kumwaga. Hakuwahi kuja kunigombeza. Aibu niliyoisikia naijua mwenyewe.

Taarifa yao juu ya karakana yangu, ile ya kuombea cheti, ikaja baada ya wiki kadhaa. Kurasa sitini na kitu, Kiingereza kitupu. Binti yangu akanisomea usiku. Akafika mahali pameandikwa kwamba majirani wamehojiwa na hawana malalamiko. Asubuhi nikaenda kwa mama wa vitumbua, nikamwamkia, nikamuuliza. "Mwanangu, mimi sijahojiwa na mtu." Mahali pengine pameandikwa mabaki yote ya mbao yatachomwa humo humo kiwanjani. Nani kasema? Maranda yangu yanabebwa na wafuga kuku kila Jumamosi, hakibaki kiroba. Na vipande vya mbao za dawa ninavitenga, haviendi kwa kuku wala kwenye moto, maana zilizolowekwa CCA, dawa ya kuzuia mchwa na kuoza, zina aseniki ndani, ambayo ni sumu, ukizichoma sumu inatoka kwenye moshi na nyingine inabaki kwenye jivu. Fundi yeyote angemwambia, kama angeuliza.

Nikaenda ofisini kwao. Nikaomba kwa upole wanirekebishie sehemu hizo mbili na wanipe japo kurasa chache za Kiswahili, nijue nimeahidi nini kwa jina langu. Yule mtaalamu akanitazama, mbele ya wateja wengine, akasema: "Utasoma wewe? Fundi, hii ni karatasi ya wakubwa. Wewe subiri cheti chako."

Niliondoka mikono inatetemeka. Usiku ule ningeandika hapa kwamba vibali vya mazingira ni wizi mtupu, na ningemaanisha.

Ila ofisa wa serikali aliyekuja kukagua kanibadilisha. Aliomba mashine ziwashwe. Akasimama pale ukutani, akapitisha kidole juu ya matofali, akakitazama. Kisha akazunguka nje, akampa mama shikamoo, akakaa kwenye kigoda chake na kumsikiliza mpaka akamaliza. Aliporudi akaniambia nihamishie msasa upande wa pili, niweke feni yenye bomba na pipa la mfuniko, na vijana wapewe barakoa za maana, siyo kitambaa. Akaniambia pia kwamba kanuni za tathmini ya mazingira za 2005 zinataka taarifa kama ile iwe na muhtasari wa lugha nyepesi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kumbe nilichotukaniwa ni haki yangu!

Kwa hiyo cheti, nasema kitafuteni, kina maana. Hiyo kampuni, nilitaka kusema haifai kabisa. Labda wana wengine wazuri, na ile nusu ya pili ya hela hawajanidai kwa vitisho. Juzi wamepiga simu, wanasema watarekebisha na kurasa za Kiswahili zinakuja. Wakizileta nitasema wameleta. Lakini sitampeleka fundi mwenzangu pale, hata wakileta kesho, mpaka yule bwana aje Mbagala amwombe radhi yule mama kwa kumsemea asichosema. Mimi ataniomba baadaye.